Beata Anakwenda Kusomea Damu

Mimi Margareta uongo siuvumilii, na siku Beata aliponipigia simu kutoka Mbamba Bay, nilijua ninaongopewa. Binti yangu huyu anafanya kazi maabara ya hospitali kule ziwani. Alisema amepata nafasi ya shahada ya uzamivu ng'ambo, akachunguze saratani ya damu na seli shina, zile zinazozaa damu ndani ya mifupa. Anasubiri nimruhusu tu. Nilikuwa shambani nachuma kahawa. Kikapu kilinidondoka.

Saratani ya damu ndiyo iliyomchukua Florian, kaka yake. Kwetu Umatengo mgonjwa wa namna ile haambiwi. Shemeji yangu Tadei alimwambia anapelekwa Dar kusomea udereva, na sote tukaitikia. Alirudi ndani ya jeneza. Sasa na Beata ananiambia anakwenda kusoma! Nani hapa Mbinga amewahi kusafiri mbali kwa ajili ya ugonjwa huo akiwa mzima? Ugali wa usiku nikaufunika bila kuuonja.

Asubuhi nikapanda gari la Mbamba Bay. Aliponipa shikamoo sikuitikia. Nilimfunua kope, nikamtazama kucha, nikamuuliza kama anatokwa damu puani. Akacheka. Nikamfokea akacheke na wenzake huko, mimi si wa kuchekwa.

Basi akaniingiza maabara. Akajichoma kidole, akapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo, akalitia dawa, tukasubiri likauke. Kisha akanikalisha kwenye hadubini. Nikaona vidude vya mviringo, vingi ajabu. Akasema hivyo ndivyo damu isiyo na ugonjwa inavyokuwa. Mimi nitajuaje? Mtu akiamua kukuficha, hata kioo atakuchagulia. Hofu ikanizidi, nikalia pale pale kwenye kiti cha watu.

"Florian naye tulimwambia anakwenda kusoma," nikasema.

Beata akavuta kiti akakaa karibu yangu.

"Alijua, mama. Aliniuliza, nikamwambia ukweli. Akanisihi nisikuambie kwamba anajua. Alisema utaogopa."

Jamani! Mwanangu amekonda vile, anakaa barazani ananiahidi kwamba akipata leseni nitakaa kiti cha mbele, nami namchekea. Kumbe ananibembeleza mimi. Niliumia kuliko siku ya kumzika.

Beata akaniambia tangu siku ile alitaka kujua damu inaharibikaje huko inakozaliwa, na nafasi hii ndiyo itakayomwonyesha. Nikikataa, haendi. Nilimtazama sana. Usifikiri nilipata ujasiri; naogopa hata sasa, simu ikilia nashtuka.

"Nenda," nikamwambia. "Lakini siku ukiugua, usinionee huruma. Niambie."