Rupia ya Bibi inang'aa upande mmoja

Jamani, leo hapa mjini Soni nimeambiwa nimeisugua rupia ya marehemu Bibi kwa majivu!

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka dukani. Mzee anayenunua sarafu za kale akaiinamisha kwenye mwanga, taratibu, kama anaisikiliza.

"Upande huu una weusi wake wa zamani. Huu unang'aa. Mmeisafisha kwa majivu, mjukuu wangu. Mmeiharibu."

Nikaapa sijaigusa. Nikampigia Mama, nikaweka spika.

Mama akacheka kidogo. "Bibi yako aliifunga kwenye pindo la kanga. Akizama kwenye mawazo, alikuwa akiisugua kwa kidole gumba. Miaka yote."

Mzee alisikia. Akaniwekea rupia kiganjani.

Semeni nyie, hii inauzwa?

Nawaandikia kwa mkono mmoja. Wa pili unasugua.