Vigamba vya Trei ya Kumi na Moja

Mama alipopigwa na kiharusi, nilirudi nyumbani Voi na hadubini ya maabara nimeipakata kwenye treni kutoka Mombasa. Mkubwa wangu kazini, daktari wa elimu ya bahari, ndiye aliyeniruhusu kuibeba.

"Nenda ukamwangalie mama," aliniambia. "Utafanyia kazi huko huko."

Kazi yangu ilikuwa kuchagua vigamba. Kwenye maji ya juu ya bahari huelea viumbe wadogo kama punje za mchanga, na kila mmoja hujijengea gamba la chokaa. Akifa, gamba huzama na kulala kwenye tope. Tope hilo likitolewa kwa bomba refu, la chini kabisa ndilo la zamani zaidi. Ndani ya gamba kuna chembe za boroni, na ukizipima unaweza kujua maji yalikuwa na asidi kiasi gani wakati gamba lilipojengwa, hata kama ni maelfu ya miaka iliyopita. Lakini kwanza lazima mtu akae na brashi yenye ncha ya unywele, achague vigamba vya aina moja tu, kimoja kimoja, mamia kwa kila trei, na kila trei ni ya tabaka moja la tope.

Kila asubuhi nilimgeuza mama, nikamwosha, nikamnywesha uji kwa kijiko. Halafu nikakaa dirishani sebuleni kabla upepo haujaanza kuleta vumbi jekundu. Ukianza, nafunga madirisha na joto linabaki na sisi ndani. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na hata ulimi ulipokuwa mzito hakuacha kuuliza maswali.

"Unatafuta nini humo?"

"Bahari ya zamani, Mama."

"Umeiona?"

"Bado."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha akapata homa ya mapafu. Wiki mbili zile nilikuwa nashinda hospitalini, narudi mchana kufua mashuka na kuchagua vigamba kwa saa mbili tatu, halafu naenda tena. Macho yaliwasha. Mara nyingine nilishtuka brashi iko hewani na sijui ilikuwa inaelekea wapi. Trei zilijaa, hata hivyo, na nikaona ni heri zimejaa.

Mama alipopata nafuu, mama mdogo alikuja kutoka Rukanga kukaa naye, nami nikarudi Mombasa. Vigamba vikayeyushwa, vikapimwa. Siku majibu yalipotoka daktari aliniita ofisini kwake. Kwenye skrini, mstari, ambao hushuka asidi inapopanda, ulikuwa unakwenda taratibu, halafu ghafla ukaporomoka.

"Unaona hapa? Asidi ilipanda kwa mara moja! Hili hakuna aliyelitarajia." Alikuwa ameshaanza kuandika makala kulihusu.

Nilifurahi pamoja naye kwa muda wa kutoka ofisini hadi kwenye meza yangu. Hapo nikafungua daftari. Mporomoko ulianza trei ya kumi na moja na kuishia ya kumi na nne. Zote nne nilizichagua wiki zile za hospitali.

Kila trei ilikuwa na akiba ya vigamba ambavyo havikupimwa. Niliviweka chini ya hadubini. Katikati ya vile vya duara nilivyotakiwa kuchagua, kulikuwa na vingine vilivyobonyea kidogo, vyenye ukingo. Hivyo ni vya kiumbe mwingine, anayeishi chini zaidi, ambako maji yana asidi nyingi kuliko juu. Bahari haikuwa imebadilika. Nilichanganya mimi.

Nilikaa pale nikifikiri kwamba hakuna mtu ambaye angerudia kuangalia. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba wazo hilo halikunitia haya. Kisha nikainuka, nikagonga mlango.

"Daktari, ule mporomoko si wa kweli. Ni makosa yangu." Nikamweleza.

Aligeuka kutoka kwenye skrini. "Kwa nini hukusema umechoka?"

"Ungenipa mtu wa kunisaidia?"

Akavua miwani. "Hapana. Hakukuwa na mtu."

"Nitazichagua upya."

"Zichague," akasema, akaanza kufuta alichoandika.

Nilibeba tope lililobaki hadi Voi, kwa sababu mama mdogo naye alikuwa na shamba lake la kurudia. Kazi ya wiki mbili ikachukua karibu miezi miwili. Safari hii nikijiona nasinzia, nafunika trei na kulala sakafuni kando ya kitanda cha mama, hata kama ni saa nne asubuhi.

Majibu mapya yalipotoka, mstari ulipita pale taratibu tu, kama kabla na kama baada. Daktari alinipigia simu kunijulisha. Hakunisifu wala hakunilaumu.

"Bahari ilikuwa imetulia," alisema.

"Haya, Daktari," nikamjibu, nikarudi kummalizia mama uji wake.