Fimbo Itangulie Mguu

Mimi ni Somoe, wa kijiji cha Mtawanya. Kabla ya maradhi nilikuwa mkulima. Nililima mihogo, niliokota korosho, na kutoka kisimani nilirudi na debe la maji kichwani bila kulishika.

Ndui ilinipata wakati bandari ya Mtwara inajengwa. Mwili mzima ulitoka malengelenge, hata ndani ya mdomo. Macho yakavimba, kope zikagandana kwa usaha, mama akawa ananiosha kwa maji ya uvuguvugu. Siku kope zilipoachana, nilimwuliza kwa nini hajafungua dirisha. Nikasikia analia.

Mume wangu Bakari alinipeleka hospitali. Daktari akaniinua kope, akatazama sana.

"Mama, sitakudanganya," akasema. "Ndui imeua macho yote mawili. Sina dawa."

Nilikaa ndani miaka miwili. Bakari hakuwa mtu mbaya, alinihurumia mno. Alinikataza hata kuvuka uwanja. Siku moja niliachwa peke yangu, tumbo likanibana. Nikatoka kupapasa njia ya choo, nikapotelea kwenye mihogo. Kila nilikogeuka, mashina. Niliita hadi sauti ikakauka. Nikajisaidia pale pale, nikakaa juani mpaka watu wa nyumbani waliporudi. Siku hiyo nilimwomba Mungu anichukue.

Mama ndiye aliyemleta Bi Zainabu, msuka mikeka wa Chikongola, kipofu tangu utotoni. Aliniletea fimbo inayonifika kifuani. Akanifundisha kuigusisha chini hatua moja mbele, kulia na kushoto, ndipo mguu ufuate.

"Fimbo ikikosa ardhi, usisogee hata kidole," akasema. "Simama."

Na mtu akitaka kunivuta kwa fimbo, nikatae, nimshike mimi kiwiko.

Nilianguka mno. Magoti yalichubuka, jino likavunjika. Bakari akataka kuichoma fimbo.

Mama akamwambia taratibu, "Basi, Bakari mwanangu, ukienda shamba umfunge kamba kama mbuzi."

Akaiacha.

Sasa chooni na kisimani nakwenda mwenyewe. Sokoni bado. Nikifika barabarani, malori ya bandarini yananichanganya. Nasimama mpaka apite mtu wa kunivusha. Wengine hupita wakinyata, wakidhani siwasikii.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama na Bi Zainabu. Wewe mwenye kipofu nyumbani, usimfungie ndani kwa huruma. Mpe fimbo, na akianguka msubiri ainuke. Ukimkuta amesimama kando ya barabara, msalimie. Ajue kuna mtu.