Mjusi Hana Mkeka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumuua mjusi kwa wema. Nilimtia ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikalitoboa matundu ili apumue, nikalianika uani kwetu, kisiwani Koyama. Kila asubuhi nilikuwa nikiwaona mijusi wamejilaza ukutani wakiota jua, nikaamua mwenyewe, bila kumuuliza mtu, kwamba jua ndilo chakula chao. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekauka. Nadharia yangu nilikuwa nimeshaiandika daftarini kwa mwandiko wangu bora. Nikauchana ukurasa ule na kuutupa baharini, nisionekane mjinga hata na daftari langu mwenyewe.

Sikuwa na mwalimu. Skuli ilifungwa vita vilipoanza. Basi nikakaa kitako kutazama kutwa nzima, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Asubuhi mjusi hujibandika ukutani upande wa mashariki, amejitandaza kama chapati, ngozi imekoza weusi. Akishapata moto huinuka juu ya miguu yake, tumbo lisiguse jiwe, akaligeuzia jua kichwa ili mwili upigwe kidogo. Jua likifika utosini huingia ufani. Alasiri hutokea upande wa pili, na magharibi hulalia jiwe ambalo bado lina joto. Mwilini hana joto la kutosha la kwake. Hulitafuta, na likizidi hulikimbia.

"Mchu mzima, kutwa akodolea mijusi," bibi yangu alikuwa akisema kwa lahaja yetu ya kisiwani. "Hao ndio watakaokuposea?"

Kisha watu wenye bunduki wakaja kisiwani, wakachukua nyavu na mashine za boti. Tukakimbilia Burgao, pwani ya bara, mimi, bibi na mdogo wangu wa kike wa miaka minne, kungoja chombo cha kutupeleka Kenya. Ufuo ulijaa watu. Sheria ilikuwa moja: mkeka ukishatandikwa ni nyumba, hakuna anayeugusa, ukiukunja, mahali pamekwenda. Bibi alitandika wetu alfajiri, magharibi mwa ukuta wa nyumba iliyochomwa, penye kivuli kizuri. Kufika saa sita kivuli kilikuwa kimetuhama. Yeye hakuhama.

Mdogo wangu akaacha kulia. Nikamgusa: ngozi kavu, inaunguza, macho nusu wazi. Nikalikumbuka kopo.

"Bibi, tukunje mkeka."

"Nyumba moja nimeshaiacha. Hii siiachi."

"Mjusi hana mkeka, bibi, na jua halimuui."

Mwanamke wa mkeka wa jirani akaangua kicheko. "Huyu ataka tupande ukutani!"

Mimi ambaye hufuta neno mara tano kabla ya kuliamini, siku ile sikuwa na shaka hata kidogo. Nilimbeba mtoto, nikaingia naye chini ya tao la mlango, mahali pekee palipokuwa na kivuli saa ile. Nikapanga boriti za mikoko zilizosalia katika kifusi, nikamlaza juu yake, mbali na mchanga wa moto, upepo upite chini. Bibi akaja nyuma yangu, mkeka kwapani, amenuna. Alichovya leso yake baharini akamfunika mtoto, nami nikampepea, huku tukimdondoshea maji matamu midomoni kwa kidole.

Muda ukapita, mrefu. Kisha mdogo wangu akafungua macho na kusema, "Si hivyo. Nataka kwa kikombe."

Jua lilipopinda tulihamia mashariki mwa ukuta. Yule jirani akatufuata, mkeka kichwani. "Haya, mijusi wenzangu," akasema, "nisogezeeni."

Mdogo wangu sasa anasoma Mombasa. Mimi bado naogopa kukosea, na bado huandika sentensi moja kwa saa nzima. Lakini sichani tena kurasa. Daftari nililo nalo leo linaanza na mjusi wa kwenye kopo.