Mwandiko wa Pembeni

Pwaa. Kimya kidogo, halafu pwaa tena. Huo ulikuwa muhuri wa karani wa kambi, na mpaka leo mtu akifunga mlango wa gari kwa nguvu hapa Saint Paul, Marekani, mabega yananipanda yenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wangu wa kike mitano. Mama alitufia njiani kabla hatujavuka ziwa, tukafika kambini tumeshikilia kitenge cha jirani yetu. Jirani naye alikuwa amezika mtoto wake wa mwisho siku chache baada ya kuandikwa mpakani. Karatasi yake ilisema watoto watatu, mikononi alikuwa na wawili. Na kambini mkipungua kwenye karatasi, unga nao unapungua, hilo kila mtu alilijua. Akaninong'oneza nimpe mdogo wangu ajaze nafasi ya marehemu. Ni kwa unga tu, alisema, tutakula chungu kimoja. Mimi nikaona hiyo ni akili.

Karani akauliza, "Huyu ni nani wako?"

Nikasema, "Si wetu. Ni wa yule mama."

Pwaa. Mdogo wangu aliniangalia tu. Hakulia.

Chungu kimoja tulikula kweli, miaka sita. Kisha jina langu likatokea kwenye orodha ya wanaopelekwa Marekani, langu peke yake, maana kwenye karatasi sikuwa na mtu. Nikajiambia nikifika nitairekebisha ile karatasi. Mimi ni mtu wa kuota sana, wenzangu wananicheka. Kila baridi ikianza nanunua koti la msichana, nakisia amerefuka kiasi gani, nalitundika nyuma ya mlango. Sasa yako manne, na la kwanza hata mkono wake mmoja hauwezi kuingia.

Asubuhi napanda basi hadi Roseville, mji wa jirani, kumhudumia mzee mmoja aliyezaliwa Uskoti. Alikuwa mwalimu wa historia ya miji ya kwao, na macho yamemwishia. Nikishamaliza kumwogesha na kumpikia uji wa shayiri, ananiwekea mezani kopi za madaftari ya zamani ya mji aliozaliwa, nimsomee. Shule yangu ni ya kambini, Kiingereza chenyewe cha kuokoteza, na yale madaftari ni ya karne nyingi nyuma. Mzee alisema nasoma kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Lakini aliniita karani wake, nami nilifurahi.

Nilidhani nitakuta wafalme. Nikakuta mwoka mikate aliyepigwa faini kwa mkate usiofika uzito, mjane aliyemwaga maji machafu mbele ya duka la watu, nguruwe aliyezurura sokoni siku ya gulio. Nikamuuliza kwa nini mtu aitunze habari ya nguruwe.

"Nguruwe ndiye aliyemfanya mfugaji wake aandikwe," alisema. "Wafalme wana watu wa kuwakumbuka. Mwoka mikate ana daftari la mji tu."

Mimi mji wetu daftari lake liliungua pamoja na ofisi. Aliyebaki kuandika habari zetu ni yule karani wa kambi, na aliandika nilichomwambia.

Baridi hii mdogo wangu akapiga simu. Sauti yake imekuwa ya mtu mzima. "Yaya, mama amejiandikisha kurudi nyumbani," alisema. Yaya ni mimi, dada yake mkubwa, na mama ni yule jirani. "Mimi niko kwenye kadi yake." Nyumbani maana yake kule tulikokimbia, ambako bunduki hazijanyamaza. Jirani simlaumu, amechoka na hema. Lakini kadi ikienda, na mtoto anaenda nayo. Walikuwa wameambiwa wasubiri malori baada ya mvua.

Nilikwenda kwa mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyepita kambi ileile. Akafunga mlango kwanza. Akasema nikikiri nilidanganya, watauliza nilidanganya nini kingine. "Utajikosesha kukaa hapa, na umkose na yeye. Funga mdomo, mwanangu, uombe."

Nikafunga. Siku kadhaa sikuimba hata nikiosha vyombo, na mzee akauliza kama redio imeharibika. Nilikuwa na fomu ya kumwombea ndugu aje huku, nimeikunja ndani ya mkoba, nimejaza kila mahali isipokuwa sehemu ya maelezo mengine.

Asubuhi moja nikiwa namsomea, nikakuta maneno madogo yamebanwa pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko tofauti. Mjane wa fundi viatu alikuwa ameandikisha mtoto fulani kuwa mtumishi wake. Baadaye alikuja kwa hiari yake, akasema mtoto ni wa damu yake na alichosema mwanzo hakikuwa kweli.

Niliacha kusoma.

"Walimfanya nini?" nikauliza.

"Kitabu hakisemi. Geuza ukurasa, utakuta nguruwe."

"Mzee, wewe unadhani walimfunga?"

Vidole vyake vikapapasa meza. "Sijui, karani wangu. Miaka yote nimetafuta na sijui. Ninachojua ni kwamba bila yeye kuja, yule mtoto angebaki mtumishi kitabuni mpaka leo."

Machozi yakadondoka kwenye karatasi, nikaanza kuifuta kwa mkono wa sweta. Akasema niache, hiyo ni kopi, nilie tu.

Mchana nilikaa kwenye kibanda cha basi, theluji imechanganyika na chumvi ya barabarani hadi imekuwa kama matope. Hapakuwa na mtu mwingine. Nikatoa fomu, nikaiweka juu ya goti. Kalamu ikagoma kwa baridi. Nikaitia mdomoni, nikaipumulia, nikaikwaruza kwenye kiganja hadi wino ukaja. Ile nafasi ilikuwa ndogo, nikabana maandishi: huyu ni mdogo wangu, mama yetu ni mmoja, niliyesema si wetu ni mimi, na nilidanganya. Nikatia sahihi. Sahihi haikufanana na yangu.

Basi likaja, nikalipungia liende. Nikavuka hadi kwenye sanduku la posta, nikaitia fomu kwenye bahasha na kuitumbukiza. Nikapiga hatua mbili. Nikarudi, nikafungua tena mfuniko, kuangalia kama imeshuka.