Haki ya Kufunua Sufuria

Jumapili ile nilimpeleka Bibi kula mchana kwenye mgahawa mpya wa Kigoma, ule unaotazama ziwa, ambao bango lake limeibana Asia nzima kwenye mstari mmoja: Kihindi, Kichina, Kithai, Kijapani. Nilikuwa na sababu. Tangu homa ya masika, Bibi alikuwa anaacha chakula. Ugali wa muhogo anausukuma, samaki anamnusa na kugeuza uso. Halafu asubuhi moja akasema angeweza kula dengu, lakini dengu ya Kihindi, kama ya pale Ujiji zamani. Ndugu yangu, mtu aliyesusa kula akikutajia chakula, huulizi bei. Hata mimi, ninayeuza dagaa sokoni Kibirizi na kuhesabu chenji mara mbili mbele ya anayenipa, sikuuliza.

Tukakaa. Mhudumu akatuwekea kitabu cha vyakula, picha tupu. Bibi akakifunua hadi kwenye dengu, akainama, akavuta pumzi.

"Hii hainuki," akasema. Akashika mkongojo wake, akaelekea jikoni.

Hakufika. Mlinzi alimdaka juu ya kiwiko, kama anavyodakwa kibaka sokoni. "Wewe bibi, unatafuta nini huko? Toka!" Meza ya jirani wakacheka. Mmoja akanyanyua simu apige picha.

Nikwambie alikuwa anatafuta nini, maana bila hilo utaniona mgomvi tu.

Nilipokuwa mdogo, Ujiji kulikuwa na hoteli ya mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa mtaa ule ule, aliyekijua Kiha hadi matusi yake. Mabenchi yalipepesuka, bati lilivuja, na orodha ya vyakula haikuwepo. Mteja aliingia jikoni. Ulisalimia, ukanawa kwa sabuni, ukafunua sufuria moja baada ya nyingine, ukadondoshewa tone kiganjani, ukaonja, ndipo mkaanza kubishana bei. Aliyekaa akasubiri kuletewa alijulikana ni mgeni, akapakuliwa ukoko. Mvuke ulikupiga usoni: bizari, giligilani, kitunguu kikikaangwa kwa mawese, kwa sababu yule mama aliapa kwamba samaki wetu wa ziwani, mgebuka, na samli havipatani.

Bibi alifunua zote, hata ambazo hakuwa na nia ya kuzinunua.

"Dengu yako leo haina chumvi. Umegombana na mumeo?"

"Nenda kale kwako, mchawi we!"

"Kwangu hakuna wa kumtukana."

Wakacheka hadi wakashikana mabega, na Bibi akaongezewa upawa mmoja wa bure. Mimi nilikuwa nimeshikilia pindo la khanga yake, napuliza kiganja kilichoungua. "Onja kwanza," aliniambia, "mdomo ukishajua, ndiyo ubishane." Biashara yote ninayoijua nilianzia pale, kati ya moshi na kelele. Yule mama alishafariki, wanawe wakahamia Dar, na ile hoteli sasa inauza makava ya simu.

Basi pale mgahawani nilipiga kelele, sikufichi. Meneja akaja, shati limenyooka, sauti ya kubembeleza. Akasema ni utaratibu wao, mambo ya usafi. Usafi! Sikatai, jiko lao ni lao. Lakini nilimuuliza, ni utaratibu gani unaokataza kusema, "Shikamoo Bibi, kaa, nakuletea kijiko uonje"? Maneno hayo yanamgharimu nini mtu? Akatazama wateja wake, akaniinamia.

"Basi mama, yaishe. Dengu tunawapa kwa nusu bei."

Maisha yangu yote sijawahi kukataa nusu bei. Nusu bei huwa naifuata hadi Mwandiga, tena jua kali. Siku hiyo niliikataa, nikamshika Bibi mkono, ule ambao haukudakwa, tukatoka.

Kwenye bajaji alipapasa ule mkono uliodakwa mpaka tulipopita mtaa wa Mwanga. Kisha akauliza, taratibu, "Kwani walidhani naiba nini?" Nikajifanya sijasikia kwa sababu ya injini.

Jioni nikapika dengu mwenyewe. Nikakaanga kitunguu kwa mawese, nikatia bizari, pilipili, kila ninachokumbuka, chumvi nikaipunguza makusudi ili apate la kunisema. Nikaiweka sufuria mbele yake, moto bado chini, mfuniko juu. Watu wanalilia mabati yaliyobomolewa, wanalilia hoteli zilizofungwa. Mimi pia nililia, yakaisha. Lakini yule mwanamke aliyefunua sufuria za Ujiji nzima kwa kelele alikaa ameweka mikono mapajani, akautazama mfuniko, kisha akanitazama mimi.

"Naruhusiwa?" akauliza.

Mgahawa ule bado uko wazi, kila siku, hata sikukuu.