Samli ya Wakwe kwenye Shavu la Dada Limi

Sisi tuliokuwa watoto wa Kharumwa katika miaka ya ukapa tuliijua ngozi inayong'aa kabla ya kuijua sabuni. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni ilipokaribia kufika kwenye duka la ushirika, habari zake zililitangulia gari, na foleni ilipangwa kwa mawe na ndala zilizokatika kabla muuza duka hajafungua mlango. Ilipokosekana, na mara nyingi ilikosekana, nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, nasi tukasuguliwa kwa dodoki lililokomaa uani, magoti yakiachiwa jiwe. Kisha tulipakwa mafuta ya nyonyo aliyoyachemsha Bibi mwenyewe, mazito, yenye harufu ya karanga zilizoungua kidogo. Tulipofika shuleni vumbi la njia nzima lilikuwa limetuganda miguuni kama soksi. Mwalimu wa zamu alikagua kucha na masikio. Soksi hizo hakuzitaja, kwa kuwa naye alikuwa amezivaa.

Kila nyumba ilikuwa na harufu yake. Watoto wa wafugaji walinukia samli. Watoto wa Mama Zuhura, jirani yetu, mke wa fundi cherehani aliyehamia kutoka Tabora na ambaye wazee wake walikuwa watu wa pwani, walinukia karafuu na liwa, ule mti wa kunukia unaosagwa kwa kupaka mwilini. Tulipocheza rede ungeweza kufumba macho na bado ukajua ni nani aliyekupita mbio. Vijana wa leo, ambao wote wananukia duka moja, mchezo huo wasingeuweza.

Katika kiangazi kimoja cha miaka hiyo, dada yangu Limi alichumbiwa na kijana wa Mwakitolyo aitwaye Masanja. Limi alikuwa mweusi, mwenye ngozi laini iliyomfanya Bibi amshike mkono bila sababu yoyote. Lakini mtu fulani alimwambia kuwa siku hizi wakwe wanapenda msichana mweupe, naye akaamini. Kwa mchuuzi aliyetoka Geita alinunua kijikopo cha krimu kisicho na maandishi. Asubuhi ya nne alijifunika khanga hadi machoni. Mama alipoivuta, tuliona mashavu yamevimba, yamewiva na kuanza kubanduka. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla mama yake Masanja hajaja kumwona. Nasema tisa kwa sababu nilizihesabu. Inawezekana zilikuwa nane, na jambo hilo limenisumbua kuliko linavyostahili.

Limi hakulia kwa ajili ya maumivu. Alilia kwa sababu alimpenda Masanja, na aliamini kwamba mama mtu akiuona uso ule atageuza njia.

Bibi alishauri samli. Mama Zuhura, aliyekuja na jiwe lake la kusagia, alishauri liwa. Wanawake hao wawili waliheshimiana mno kiasi kwamba hakuna aliyetaka kumshinda mwenzake, na kwa heshima hiyo dada yangu angeweza kubaki bila tiba hadi harusini. Ndipo mimi, mwanafunzi wa darasa la sita, nikajitolea shavu. Au niseme mashavu: la kushoto likapakwa liwa iliyosagwa kwa marashi ya waridi, la kulia likapakwa samli, na kwa siku mbili nikaandika matokeo nyuma ya daftari la hesabu. Shuleni walinipokea vizuri. Mmoja aliniuliza upande upi ni ukuta na upi ni chapati. Mwingine aliniomba nikae karibu naye kwa shavu la kulia, ili nzi wote waje kwangu yeye apumzike.

Liwa ilinukia kama sikukuu, lakini ilipokauka ilivuta ngozi na kuwasha. Samli ilivuta nzi, na pia ndama wa Bibi aliyetaka kunilamba, lakini chini yake ngozi ilikuwa tulivu. Mama Zuhura mwenyewe alilipapasa shavu langu akasema, kwa ngozi iliyoungua, Bibi ndiye mwenye haki. Liwa yake itangoja siku ya harusi.

Lazima nieleze kuhusu kibuyu cha samli, maana kosa letu lilikuwa humo. Wakati wa kiangazi ng'ombe hutoa maziwa machache, na Bibi alikuwa ametikisa maziwa kwa majuma mengi hadi kibuyu kimoja kikajaa. Nyumbani kwetu samli hiyo iliwekwa kwa ajili ya wakwe. Mama wa mchumba alipoketi, samli ilimiminwa juu ya mboga ya mgagani mbele ya macho yake, na hapo alijua amefika kwa watu wenye subira au kwa watu wa papara. Bibi alitupa ruhusa ya kuchota kijiko kimoja kwa siku. Mimi nilipiga hesabu: ikiwa kijiko kimoja kinaponya polepole, vitano vitaponya haraka. Kila asubuhi, mchana na jioni, Limi alikaa kwenye kigoda nyuma ya ghala, nami nilimpaka kwa ncha za vidole, nikizunguka macho yake taratibu huku akiniambia mambo ambayo msichana wa darasa la sita hakupaswa kuyajua kuhusu mapenzi. Ngozi ilifunga. Ikabaki alama moja tu kwenye mfupa wa shavu la kushoto. Hakuna aliyetazama ndani ya kibuyu, hata mimi niliyechota.

Siku ya wageni ilifika. Mama Masanja alikuja na dada yake, wakasalimiwa, wakapewa maji ya kunawa. Ugali uliwekwa, mgagani ukaletwa. Bibi akanituma kibuyu. Nilipokinyanyua, mkono uliruka juu kwa wepesi wake. Nilikibeba hivyohivyo kwa mikono miwili, kana kwamba kilikuwa kimejaa. Bibi alikiinamisha juu ya mboga, akangoja. Lilidondoka tone moja. Alingoja tena. Nilimwona Mama akiutazama mkeka.

Limi, ambaye hadi wakati huo alikuwa ameelekeza shavu zima kwa wageni, alitoka upande wa jikoni, akapiga magoti, akaiteremsha khanga mabegani.

"Mama, samli yenu nimeipaka usoni. Nilijichubua kwa krimu ili nikupendeze, nikaungua. Kabula, huyu mdogo wangu, alinisaidia, lakini kosa ni langu."

Mama Masanja alimwita asogee. Alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamnusa kabisa kama mtu anayenunua samli sokoni. Kisha akalegeza ushungi wake. Chini ya sikio hadi shingoni alikuwa na baka jeusi lenye kingo ngumu.

"Hili langu lilitoka kwenye kopo la namna hiyohiyo," alisema. "Mimi sikupata mdogo wangu wa kuniibia samli."

Akavuta bakuli karibu, akamega tonge. "Tule mboga hivihivi, mama," alimwambia Bibi. "Tutakuwa tunaitazama samli ilikokwenda."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Limi aliolewa mavuno yalipokwisha, akinukia liwa ya Mama Zuhura.

Miaka mingi baadaye, nikiwa katika masomo ya uzamili ya kemia, nilisoma kwamba krimu nyingi za aina ile zilikuwa na zebaki, ileile ambayo wachimbaji wa kwetu huitumia kunasa dhahabu kwenye mchanga. Nilitoka nje ya maktaba nikakaa kwenye ngazi. Nimejiuliza tangu siku hiyo ni akina Limi wangapi waliendelea hadi kopo likaisha kwa sababu hakuna aliyeivuta khanga.

Siku hizi binti yake Limi anaishi kwangu. Juu ya meza yake kuna chupa ndogo kama kidole, ina picha ya jani na neno "asilia". Ndani yake ni mafuta ya nyonyo, mmea uliokuwa ukiota wenyewe nyuma ya choo chetu. Anayapaka kwa vitone, amefunga mlango, simu ikimwelekeza hatua kwa hatua. Juzi nilibisha hodi nikamuuliza kama nimpake mgongoni. Alinijibu kwa upole kabisa, "Asante, mama mdogo, kuna kifaa chake," na ni kweli kipo, kina mpini mrefu.

Nilibaki pale mlangoni kidogo. Enzi zetu hakuna aliyeweza kujipaka mgongo peke yake, wala sikumbuki mtu aliyejaribu.